Deni ya masomo: tugonge mlango gani?

Aksanti sana kwa wale waliotoka Beni leo asubuhi kwa piki.

Leo hatuongei juu ya barabara. Tunaongea juu ya deni ya masomo, ile tunaficha hata mbele ya marafiki. Kenya wako na HELB tangu 1995. Tanzania wako na bodi yao ya mikopo, iliyowekwa kwa sheria ya 2004. Kijana wa kule anaweza kunungunika, lakini anajua mlango wa kugonga. Sisi huku, shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini iniversite ni mzazi njo analipa, kwa dola, transhi kwa transhi. Kwa hiyo deni yetu iko, ila imesambaa: kipande kwa kooperative ya akiba, kipande mu likelemba ya mama, kipande kwa mjomba aliyeuza ng'ombe. Na ile ya mwisho iko ku kesi ya iniversite, njo inafanya diplomi ibakie mu kabati yao.

Mmoja wetu alienda kwenye kooperative kuuliza deni iliyolipa mwaka wake wa mwisho. Ajenti akamujibu: « Kijana, si weye ulikopa, ni mama yako. Alete karte yake. » Mama alikuwa amekimbia kwao, shamba ya kakao iko upande wenye hatuendi tena. Miezi minane faini ilikuwa inapanda, na dhamana ilikuwa parsele ya familia. Hakuna mtu aliyewapigia simu, ju namba iliyoandikwa ilikuwa ya zamani. Mama alipofika, wakaandika barua ya kuomba muda. Wakapewa miezi kumi. Faini haikufutwa yote, lakini parsele ingali yao.

Basi, kitu cha kwanza: muulize nyumbani nani aliweka sinyatire, na nani ni avaliste. Mutafute mkataba. Kama haiko, mwenye kukopa ako na haki ya kuomba kopi, pamoja na historike ya malipo. Kama ofisi ilihama ao ilifungwa, deni haifi pamoja na kibao cha mlango. Mufuate makao makuu yao; hizi kooperative zinafanya kazi chini ya uangalizi wa Benki Kuu ya Kongo.

Mukisha pata karatasi, muangalie interesi inahesabiwa juu ya nini. Tuseme mama alikopa dola 600 kwa miezi 12, asilimia 3 kwa mwezi. Kama wanahesabu kila mara juu ya zile 600, interesi ni dola 216. Kama wanahesabu juu ya ile inayobakia, na mama anarudisha 50 kila mwezi, ni 117. Asilimia ni ileile! Sisi wenye diplomi ya ekonomi tulikuwa hatujawahi kuuliza.

Kwa likelemba hakuna mkataba, kuko daftari. Mama mwenye kushika daftari umuendee mwenyewe, kwa heshima, mbele ya siku ya zamu. Ukikaa kimya, ni mama yako njo atakosa namna ya kupita sokoni.

Na ku iniversite, muombe fishe yenu ya malipo, muilinganishe na bordero za benki. Kati yetu kuko waliokuta transhi waliyolipa haikuandikwa. Bila bordero, hakuna wa kuwasikiliza. Na musitie franka mu mkono wa ajenti yeyote bila risiti, hata kama ni jirani ya nyumbani.

Siku ya posho tutakaa tena hapa, saa tatu ya asubuhi. Kila mtu alete karatasi yake, hata ile imepasuka. Wenye wanajua hesabu watakaa mbele, na wenye wanaandika vizuri Kifaransa watasaidia kwa barua. Kalamu tuko nazo; karatasi ya kuandikia mulete.