Karama Huchochewa kwa Kutumika
Hotuba iliyotolewa katika ibada ya jubilei ya miaka 100 ya Usharika



Nimepewa nafasi ya kusema juu ya ujasiri wa imani na matumizi ya karama. Tunapotaja ujasiri katika sehemu hizi za Kaskazini, mawazo yetu huenda kwanza Akeri, Meru, ambako wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa mwezi Oktoba 1896. Ni wajibu wetu kuwakumbuka. Leo, hata hivyo, naomba tuwatazame pia watu ambao wengi wao hawana jiwe la ukumbusho.

Mwaka 1920, baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Leipzig waliondolewa nchini na utawala wa Waingereza. Sharika za Kilimanjaro na Meru zilibaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, watu waliokuwa wamezoea kupokea maelekezo. Je, wangefunga milango hadi wamisionari warudi? Hawakufunga. Aliyejua kusoma alisoma Neno. Aliyejua kuimba aliongoza nyimbo. Aliyejaliwa hekima alipatanisha waliogombana, na mwenye huruma alikwenda kwa wagonjwa. Kanisa likasimama.

Mtume Paulo, anapomwandikia Timotheo waraka wa pili, sura ya kwanza, aya ya 6 na ya 7, anamwagiza kwanza aichochee karama aliyopewa, ndipo anamkumbusha kwamba woga hautoki kwa Mungu. Utaratibu huo una maana. Moto wa mafiga haukolei kwa kutazamwa. Hukolea kwa kupulizwa. Anayengoja woga uishe ndipo atumike, atakuta majivu.

Wapendwa, woga wetu wa leo si wa mkuki. Tunawaogopa ndugu zetu. Mjane anapoondolewa katika kihamba alichokilima na marehemu mumewe, uamuzi huo mara nyingi hupitishwa katika kikao cha ukoo, na katika kikao hicho wamo watu wanaoshiriki Meza ya Bwana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Anayeijua sheria hiyo yumo kikaoni, lakini ananyamaza ili asiitwe msaliti wa ukoo. Mwingine amejaliwa karama ya hesabu. Akiona fedha za mnada hazikuandikwa sawasawa, anainamisha kichwa. Hao hawakukosa karama. Wameizika.

Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kwamba kila aliyebatizwa ni kuhani. Sisi tunaojiita kwa jina lake tumemtwika Mchungaji mmoja mzigo wa ukuhani wote, kisha tunamlaumu akichoka. Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, aya ya 10, anatuita mawakili wa neema ya Mungu. Wakili hukabidhiwa mali ya mwenyewe kwa ajili ya watu wa nyumbani, na siku ya hesabu ataulizwa aliitumiaje.

Basi, jubilei hii isiishie katika pilau na picha. Mzee atakayeketi katika kikao cha ukoo juma hili na aseme neno moja la haki. Mwenye hesabu na aombe kuona daftari, kwa upole lakini bila kurudi nyuma. Kijana mwenye karama ya kufundisha asingoje kuitwa mara tatu. Watoto wa Shule ya Jumapili wanamsubiri.

Waliotutangulia walitukabidhi moto huu ukiwaka. Mungu wa neema atujalie kuuchochea, ili wanaokuja nyuma yetu nao waukute ukiwaka.

Amina.