Sava ya Gumzo na Mlango Unaojulikana na Kila Mtu

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa viongozi wa vyama vya akiba, vikundi vya vijana na walimu



Mimi ni mwanahabari, si fundi wa kompyuta. Nimeombwa kuzungumza kwa sababu baadhi ya vikundi vyetu vimeanza kuendesha sava zao za gumzo. Nia ni njema: mazungumzo ya wanachama yabaki mikononi mwao. Lakini kikundi kimoja, ambacho sitakitaja, kilinionyesha sava yake. Ndani mlikuwa na picha za vitambulisho, nambari za simu na orodha ya mikopo. Nilimuuliza kijana aliyeisimika ni nani anayeweza kuifikia kutoka nje. Akajibu, "Sijui. Niliiacha jinsi ilivyokuja."

Jibu hilo ndilo lililonileta hapa.

Kila huduma kwenye sava husikiliza kupitia mlango wenye nambari, na nambari hizo hufika 65,535. Programu za gumzo huja na nambari iliyopangwa tayari. IRC, iliyoanzia Finland mwaka 1988, kwa kawaida hutumia 6667. XMPP hupokea watumiaji kupitia 5222. Nambari hizi zimo katika maelekezo ya programu, na mhalifu huyasoma kama sisi.

Wala hahitaji kukujua kwa jina. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya kasi, ikitumia programu yao ya ZMap, inaweza kubisha mlango wa nambari moja kwenye anwani za IPv4 za dunia nzima kwa chini ya dakika 45. Kwa hivyo tusiseme kikundi chetu ni kidogo, nani atatuona.

Hasara yake imeshaonekana. Mapema mwaka 2017, maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye mlango 27017, bila nenosiri, zilifutwa. Wavamizi waliacha ujumbe wa kudai fidia kwa Bitcoin. MongoDB ndiyo hifadhidata inayotumiwa na programu ya gumzo ya Rocket.Chat.

Mtaniuliza: je, tukibadilisha nambari tutakuwa salama? Itasaidia kidogo, kwa sababu wabishaji hodi wa kupita tu watapungua. Lakini anayewalenga ninyi atajaribu milango yote. Kuhamisha mlango si kuufunga.

Basi tufanye haya. Kwanza, fundi aorodheshe milango yote iliyo wazi, kisha afunge kila usiohitajika. Hifadhidata isifikiwe kamwe kutoka intaneti. Pili, badilisheni nenosiri la msimamizi siku ile ile ya kusimika. Tatu, mazungumzo yapite kwa njia iliyosimbwa. Kwenye IRC, kwa kawaida mlango 6667 hupitisha maneno wazi, na 6697 ndio wa mawasiliano yaliyosimbwa. Nne, sasisheni programu kila toleo jipya la usalama linapotoka, na nakala ya akiba iwekwe mahali pengine. Tano, kama hamna mtu wa kuitunza sava, msiiendeshe.

Kumbukeni pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Data ya watu ikivuja na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru, anayeisimamia anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Kunyamaza kwa kuogopa aibu hakutawaokoa.

Mama aliyewapa nakala ya kitambulisho chake ili apate mkopo hajui sava ni nini. Anawajua ninyi. Mkirudi nyumbani, muulizeni fundi wenu swali nililomuuliza yule kijana, na msikubali ajibu, "Sijui."