Namba Hii Ni ya Vipande Vingapi? Mchoro wa Utepe Katika Mafumbo ya Uwiano



Naomba tuanze na fumbo ambalo wengi wetu walimu tumelisahihisha kwa sura moja au nyingine. Mwajuma na Rehema wanauza dagaa. Walichangia mtaji kwa uwiano wa 2:3, wakakubaliana kugawana faida kwa uwiano huohuo. Wamepata faida ya shilingi 60,000. Kila mmoja atapata kiasi gani?

Yapo madaftari ambayo utakuta 60,000 imegawanywa kwa 2 ikapatikana 30,000, kisha 60,000 hiyohiyo ikagawanywa kwa 3 ikapatikana 20,000. Kugawanya kumefanyika vizuri kabisa. Ila Mwajuma, aliyechangia kidogo, ndiye aliyepata kingi, na shilingi 10,000 hazijulikani zilikokwenda. Mtoto huyo ukimtuma dukani hawezi kurudi na chenji pungufu ya 10,000 akanyamaza. Kwenye daftari amenyamaza kwa sababu 2 na 3 zilibaki kuwa namba tu, hazikumwonesha fungu la mtu yeyote. Mchoro wa utepe unampa kitu cha kutazama kabla hajashika hesabu:

Mwajuma ▭▭
Rehema ▭▭▭

Masharti yake ni mawili, nami nasihi tusiyalegeze: vipande vyote viwe na urefu mmoja, na tepe zote zianzie kwenye mstari mmoja upande wa kushoto. Hapo mtoto anahesabu vipande 5, anaona kwamba 60,000 ni ya vyote 5, anapata 12,000 kwa kipande kimoja. Mwajuma 24,000, Rehema 36,000. Akijumlisha anarudi kwenye 60,000.

Mbinu hii ina historia. Japani michoro ya utepe imo katika vitabu vya shule za msingi. Singapore, katika miaka ya 1980, timu ya wakuza mitaala iliyoongozwa na Kho Tek Hong iliiweka katika ufundishaji wa mafumbo, na mwaka 1995 wanafunzi wa nchi hiyo wakaongoza katika mtihani wa kimataifa wa hisabati wa TIMSS. Sisemi mchoro peke yake ndio uliowafikisha hapo. Marekani nao wakautaja kwa jina katika viwango vyao vya hisabati vya mwaka 2010, kwenye sehemu ya uwiano ya darasa la sita.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike mada hii. Chukueni uwiano uleule wa 2:3 na namba ileile ya 60,000, lakini tubadilishe maneno. Fumbo la pili: Rehema alipata shilingi 60,000, Mwajuma alipata ngapi? Fumbo la tatu: Rehema alimzidi Mwajuma kwa shilingi 60,000, kila mmoja alipata ngapi? Mchoro haubadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni mahali pa kuiandika 60,000. Katika la kwanza imekumbatia vipande vyote 5. Katika la pili imekaa juu ya vipande 3 vya Rehema, hivyo kipande ni 20,000 na Mwajuma ana 40,000. Katika la tatu imekaa juu ya kile kipande kimoja kilichochomoza upande wa Rehema, hivyo kipande ni 60,000, Mwajuma ana 120,000 na Rehema 180,000.

Mwanafunzi aliyekaririshwa "sehemu juu ya jumla mara kiasi" atafaulu la kwanza, kisha atayaharibu mawili yanayofuata kwa kujiamini kabisa. Kanuni hiyo haimlazimu kusoma fumbo. Kwa hiyo swali la kuuliza darasani kila siku, kabla ya kalamu kuanza kukokotoa, ni hili: namba tuliyopewa ni ya vipande vingapi?

Mchoro unaonesha nguvu zaidi pale vitu vinapohama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Juma na Ali wana gololi kwa uwiano wa 5:2. Juma akimpa Ali gololi 12, wanakuwa sawa. Kila mmoja alikuwa na ngapi?

Juma ▭▭▭▭▭
Ali ▭▭

Juma amezidi kwa vipande 3. Ili walingane, lazima ampe Ali nusu ya ziada hiyo, yaani kipande kimoja na nusu. Hapa darasa huduwaa kidogo. Tusiwahi kuwapa jibu. Atatokea mtoto wa kusema tukate kila kipande katikati, na akitokea tumpe chaki. Sasa Juma ana vipande vidogo 10, Ali 4, na vitakavyohama ni 3. Vipande vidogo 3 ni gololi 12, kimoja ni 4. Juma alikuwa na 40, Ali 16. Baada ya kupeana, kila mmoja ana 28. Fumbo ambalo sekondari lingeandikiwa mlinganyo limetatuliwa na mtoto wa shule ya msingi, tena anaweza kumweleza jirani yake kila hatua.

Pamoja na hayo, mchoro una mipaka yake, na mwalimu lazima aijue. Chukua zege la 1:2:4, saruji, mchanga na kokoto. Fundi mwenye ndoo 12 za mchanga anahitaji ndoo 6 za saruji na 24 za kokoto, utepe unaonesha bila shida. Jumla ni ndoo 42 za malighafi. Lakini ukiuliza zege litakuwa ndoo ngapi, jibu si 42, kwa sababu saruji na mchanga huingia katika nafasi zilizo kati ya kokoto na ujazo ukapungua. Fumbo la namna hiyo lisitungwe kabisa. Vilevile mafundi 4 wakijenga ukuta kwa siku 6, mafundi 8 wenye kasi ileile watatumia siku 3. Anayechora utepe wa kawaida hapo atapata siku 12, na utepe wake utaonekana nadhifu.

Kuhusu vifaa, karatasi za kalenda ya mwaka uliopita zinatosha. Wanafunzi wakunje na kukata vipande vyao kwanza, ndipo wachore, ndipo waandike namba tupu. Rula haihitajiki kwa mazoezi ya kawaida. Mwenzetu atakayesema hakuna muda, namwomba ahesabu pia muda anaotumia kurudia mada ya uwiano kila muhula.

Kwa kazi ya vikundi mchana huu, chukueni uwiano wa 3:5 na namba 48. Tungeni mafumbo ya soko, shamba au jiko, mkiweka 48 kila mara mahali tofauti: kwenye jumla, kwenye fungu dogo, kwenye fungu kubwa, kwenye tofauti, na kwenye kiasi kinachohama ili mafungu yalingane. Mahali pamoja 48 itagoma kutoa namba kamili. Kila kikundi kieleze ni wapi, na kioneshe kwa mchoro ni kwa nini.