Mashine Hufundishwa na Wenye Lugha

Msikilizaji, juma hili nilitembelewa na kijana mmoja wa hapa Rau anayejifunza Kijapani. Alitaka kumwandikia barua ya shukrani mzee wa Kijapani aliyemfundisha baba yake kilimo cha mpunga. Jambo hilo si geni kwetu: mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa mkopo wa Japani miaka ya 1980, hutegemea maji ya mito Rau na Njoro.

Kompyuta yake inaendeshwa na Linux, mfumo wa ukoo wa Unix. Herufi za Kijapani iliweza kuzionyesha; kuziandika ikashindwa. Kijana akadhani sharti aagize kibodi Tokyo. La hasha! Kuonyesha ni kazi ya fonti, kuandika ni kazi ya programu nyingine. Tukapakia IBus na Mozc, bila malipo. Tukatoka kwenye mfumo na kuingia upya, kisha tukaongeza Kijapani katika orodha ya kibodi.

Sasa anatumia herufi hizi hizi zetu. Irabu za Kijapani nazo ni tano, kama za Kiswahili. Akiandika "kome" na kubonyeza kitufe cha nafasi, hupata alama ya mchele. Akiandika "hashi", kompyuta humletea daraja na vijiti vya kulia chakula, achague mwenyewe. Mashine hupendekeza, mwenye lugha ndiye huamua.

Ujuzi huu haukushuka kama mvua. Mwaka 1978 Toshiba ilitangaza mashine yake ya kuchapia Kijapani, bei yen 6,300,000. Miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Kyoto na makampuni mawili wakaunda programu ya Wnn kwa ajili ya Unix. Jina hilo ni kifupi cha sentensi isemayo "jina langu ni Nakano". Lengo lilikuwa kuigeuza sentensi nzima kwa mkupuo mmoja.

Sisi tulizikuta herufi zetu zimo ndani ya mashine, tukabweteka. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha njia kwa mradi wa Kilinux, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili. Lakini njia isiyopitwa huota majani.

Barua ya kijana ilikamilika jioni ile. Je, msikilizaji, atakayetaka kompyuta imwelewe kwa Kiswahili fasaha, au kwa Kichaga cha bibi yake, tumemwandalia nini?