Saa ya Mama na Simu Iliyozimwa

Hotuba ya mwanachama katika mkutano wa tawi

Bwana Mwenyekiti, na ndugu wanachama,

Nimeombwa niseme habari ya saa niliyomnunulia mama yangu, kwa kuwa wengi wenu mmeniuliza bei yake. Bei nitawaambia tukitoka nje. Hapa nasema mambo ambayo muuzaji hakuniambia.

Mama ana miaka 74, anakaa peke yake karibu na Butere. Mimi ni dereva msaidizi wa gari la mizigo, nakaa Nairobi. Saa hiyo ina laini yake ya simu. Upande wa chini mna taa ndogo ya kijani inayomulika ngozi. Damu ikipita, mwanga unaorudi hubadilika, na hivyo saa huhesabu mapigo ya moyo. Tena mna kidude kinachotambua mwendo wa ghafula. Mtu akianguka kwa kishindo kisha asijitingishe, ujumbe huja kwa simu yangu. Saa za kampuni ya Apple zilianza kutambua kuanguka mwaka 2018, na sasa hata za kampuni nyingine ziko.

Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini inataka kutiwa umeme mara kwa mara, na kwetu umeme hukatika. Mara mbili ilinipigia kelele kwamba mama ameanguka, kumbe anapura maharagwe kwa fimbo! Yeye alicheka sana. Mimi nilikuwa nimekwisha omba ruhusa.

Tena msiamini kila hesabu. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba vipimo vya oksijeni vya kubana kidole, ambavyo navyo hutumia mwanga, vilishindwa kuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Basi presha ya mama haipimwi kwa saa. Humpima mhudumu wa afya ya jamii, kwa mashine ya kufunga mkono. Wahudumu hao, wapata 100,000 nchi nzima, Serikali iliwazindua mwezi wa Septemba 2023 na kuwapa mikoba ya vifaa.

Sasa nafika penye uchungu. Usiku mmoja wa mvua, mwezi wa Mei 2024, mama aliteleza uani akavunjika nyonga. Saa ilifanya kazi yake sawasawa. Ujumbe ulitoka saa tatu usiku. Wakati huo tulikuwa njiani kati ya Voi na Mtito Andei, simu yangu imezimwa ndani ya mfuko kama sheria itakavyo. Niliusoma alfajiri. Mama alilala kwenye tope mpaka mtoto wa jirani alipokuja kuomba moto.

Ndugu zangu, nyumba ya jirani haifiki hatua 100. Namba ya jirani sikuiandika. Niliandika yangu peke yake, kwa kujivuna kwamba mtoto ni mimi. Na mwaka ule wote nilikuwa nimekwenda nyumbani mara moja tu, kwa sababu saa ilinipa usingizi.

Siku hizi namba ya kwanza ni ya jirani, ya pili ya mhudumu wa afya, ya tatu ya dada yangu. Yangu ni ya mwisho. Jirani namtilia pesa za simu kila mwezi. Hakuomba, lakini ni haki yake.

Sheria ya kuzima simu garini siipingi. Asiyetazama njia huua watu. Lakini chumba cha kuongozea magari husema nasi kwa redio usiku kucha. Tuliwahi kuomba kwa mdomo kwamba jamaa zetu wapewe namba moja ya kupiga huko kukiwa na ajali, na mtu atafutiwe wa kumpokea zamu kwenye stesheni ya mbele. Tukajibiwa kwamba mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Sasa nataka Kamati ilipeleke neno hili kwa maandishi, na jibu lije kwa maandishi.

Bwana Mwenyekiti, naomba mwanachama mmoja aniunge mkono.