Mwendawazimu Akitenda Jinai: Hukumu Yake ni Ipi?

(Mada iliyotolewa msikitini Fukayosi, Bagamoyo)

 

Ndugu Waislamu, mgonjwa wa akili anapomdhuru mtu, vijijini kwetu husikika kauli mbili. Wengine husema anajifanya, apigwe. Wengine husema ni kichaa, hana hatia, basi yaishe. Zote mbili zina kasoro.

Akili ndiyo msingi wa taklifu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kalamu imenyanyuliwa kwa mwendawazimu mpaka akili imrejee, kama ilivyonyanyuliwa kwa mtoto na aliyelala. Abu Daud amepokea kuwa zama za Umar (r.a.) aliletwa mwanamke mwendawazimu aliyezini, ikaamriwa arujumiwe. Ali (r.a.) akawakuta njiani, akaamuru arudishwe, akamkumbusha Umar mafundisho hayo. Umar akamwachia huku akileta takbira. Tazameni: Khalifa hakuona haya kurejea. Naye Maaiz alipokuja mwenyewe kukiri zinaa, Mtume (s.a.w.) alimuuliza kwanza kama ana wazimu. Uchunguzi hutangulia hukumu.

Lakini kilichonyanyuliwa ni dhambi na adhabu, si haki ya aliyedhurika. Mwendawazimu akichoma shamba la jirani, fidia hutoka katika mali yake, na walii wake ndiye huitoa. Akiua, wanazuoni wengi wamelihesabu tendo lake sawa na kuua kwa kukosea: hakuna kisasi, bali ipo diya inayobebwa na aaqila, yaani jamaa wa upande wa baba. Ukoo, basi, haujivui.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Kanuni ya Adhabu humchukulia kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitike vinginevyo, na huangalia hali yake saa ile alipotenda. Mahakama ikiwa na shaka, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 iliweka utaratibu wa kumpeleka mtuhumiwa hospitali, ripoti itolewe ndani ya siku 42. Ikithibitika alitenda akiwa hana akili, harudi nyumbani jioni ile kama wengi wanavyodhani. Huzuiliwa na kutibiwa, na mahali panapojulikana kwa kazi hiyo ni Isanga, Dodoma, jirani na Hospitali ya Mirembe iliyofunguliwa 1927. (Aliyekunywa pombe au kuvuta bangi kwa hiari yake asidhani mlango huu ni wake.)

Wagonjwa walio wengi hawamdhuru mtu. Wao ndio hupigwa, huibiwa, na wanawake wao hunajisiwa. Hatari huongezeka kwa baadhi yao, hasa anayesikia sauti zikimwamrisha akaachwa bila dawa, na zaidi akichanganya na ulevi. Nasi humfunga minyororo uwanjani kwa mganga miezi mingi, tukingoja pepo atoke! Kumsomea Qur'ani ni kheri, wala hakukatazi dawa. Hospitali ya wilaya iko Bagamoyo mjini, apelekwe mapema.

Na ikitokea amedhuru, mkingeni asipigwe, waiteni polisi, kisha waelezeni tangu lini anaumwa, alitibiwa wapi na lini aliacha dawa. Kadi yake ya hospitali itunzwe, mahakamani itaulizwa.