Kikombe Kimoja Kwanza
(Mazungumzo yetu na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tutazungumza juu ya keki. Si ile ya arusi, bali keki ndogo ya kikombe kimoja, ya mtu mmoja. Najua wengine mtacheka: "Sisi tuna shida ya maji na karo, nyinyi mwatuletea habari za keki?" Tafadhali tuvumilieni kidogo.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Kikundi kimoja cha akina mama kilitaka kupika keki za kuuza siku ya harambee ya shule. Sisi ndio tuliowahimiza. Wakatoa pesa za kikundi, wakanunua unga, sukari, mafuta na trei nzima ya mayai. Beking pauda walikuwa nayo kwenye mkebe wa zamani. Wakapika zote kwa mara moja. Keki zikatoka bapa na nzito kama tofali, na hakuna aliyenunua. Basi maneno yakaanza. Ikasemwa kwamba mama mweka hazina alinunua unga mbovu ili abaki na chenji. Yule mama akaacha kuja mikutanoni.

Baadaye tulienda semina mjini. Mama mpishi wa nyumba tuliyofikia alikuwa na maikrowevu, lile jiko la stima linalopasha chakula kwa mawimbi. Tukamweleza mambo yetu. Akachukua kikombe cha udongo, akakoroga unga kidogo, akakiweka humo dakika moja na nusu. Keki ikaumuka, tukala. Kisha akasema, "Mimi nikifungua mkebe mpya, hupika kikombe kimoja kwanza. Nyinyi mlijaribu wapi?" Tulikosa jibu.

Kikombe kimoja hupimwa hivi. Chukua unga wa ngano vijiko 4 vya mezani, visawazishwe, na sukari vijiko 2. Ongeza beking pauda robo ya kijiko cha chai na chumvi kidogo sana. Changanya vikiwa vikavu. Halafu tia maziwa vijiko 3 na mafuta ya kupikia kijiko 1 na nusu. Koroga mpaka unga mkavu usionekane, kisha acha; ukikoroga sana keki inakuwa ngumu. Yai si lazima, maana yai zima ni kubwa mno kwa kikombe kimoja na keki huvutika kama mpira. Kama unga wako ni ule uliokwisha kutiwa beking pauda kiwandani, usiongeze nyingine. Kikombe kisipite nusu, kwa sababu keki itapanda.

Mwenye maikrowevu asitumie kikombe cha bati, kitatoa cheche. Na asizidishe muda, keki hukauka upesi.

Sasa, sisi tusio na stima tufanyeje? Tunatumia mvuke. Weka kikombe cha bati ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka, maji yafike nusu ya kikombe. Funga kifuniko kwa kitambaa safi ili matone yasiangukie keki, na ncha za kitambaa zifungwe juu, mbali na moto. Funika kama dakika 20 hadi 25 bila kuchungulia. Choma kwa kijiti kisafi. Kikitoka kikavu, imeiva. Haitakuwa ya kahawia juu, na ile ya maikrowevu pia haiwi. Lakini ni laini, na mtoto ataimaliza.

Tulirudi kikundini, tukamwendea mama mweka hazina nyumbani na kumsihi aje. Tukapika vikombe viwili mbele ya wote, kimoja kwa mkebe wa zamani, kingine kwa mpya. Cha kwanza kilibaki chini, cha pili kikapanda hadi ukingoni. Kumbe unga wake haukuwa na kosa! Beking pauda ndiyo iliyokuwa imeingia unyevu na kufa. Tukamwomba msamaha hadharani, sisi wa kwanza, kwa sababu tulihimiza watu watumie pesa kabla ya kujaribu. Majuto ni mjukuu.

Siku hizi tunapima hivi: tia kijiko cha beking pauda katika maji ya moto. Ikitoa povu kwa nguvu, ni nzima. Ikinyamaza, itupe.

Jambo la mwisho ni hesabu. Kwa kipimo hiki, pakiti ya unga ya kilo 2 hutoa vikombe kama 60, na kilo 1 ya sukari vikombe kama 40. Andikeni bei ya kila kitu mlichonunua, mgawe kwa vikombe. Msisahau makaa. Sufuria pana hubeba vikombe 6, na moto wa kikombe kimoja karibu unatosha hivyo 6. Hapo ndipo faida ilipo. Ikiwa hesabu ya 6 haileti faida, msikope pesa za kupika 60.

Mkirudi nyumbani, jadilianeni:
1. Ni mradi gani tulioanza kwa ukubwa bila kujaribu?
2. Hasara ilipokuja, tulitafuta sababu au tulitafuta mtu wa kulaumu?
3. Je, yuko mwenzetu aliyeacha kuja? Nani atamwendea?